Mtu wa Juu

Kazi yangu haina jembe.
Nasimama ukingoni mwa mtaro, Nkuhungu,
rifleta imefifia mgongoni,
filimbi mdomoni kama mtoto anayenyonya kidole,
na wanaume sita wako chini yangu, mita mbili na nusu.
Kila siku wananiuliza: Sechelela, unalipwa kwa kuangalia?

Nalipwa kwa kuangalia.

Naangalia udongo wa juu, mwekundu, unaojifanya ukuta,
na ule wa chini, mweusi wa mbuga,
kiangazi ni tofali, masika ni uji.
Naangalia kifusi: hatua mbili ndefu kutoka ukingoni, si pungufu,
maana kilichotolewa shimoni hupenda kurudi.
Naangalia ngazi. Fundi rangi akiiazima,
hata kwa dakika tano, hao sita wanapanda kwanza,
wanakaa mchangani wanamenya karanga
mpaka ngazi irudi.
Bwana Malogo wa mkandarasi akisema tunachelewa,
nasema ndiyo, tunachelewa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.
Sawa, huko majumbani.
Ufa wa mtaroni hauzibwi. Unakimbiwa.
Unaanza mwembamba, uzi wa kushonea,
sambamba na ukingo, dhiraa moja nyuma,
na aliye chini hauoni,
yeye anaona bomba, anaona viatu vya mwenzake.
Ndiyo maana niko juu.

Na mchimba kisima huingia mwenyewe:
hapo walikuwa wanawasema wabaya.
Chilongani si mbaya. Anachimba kwa elfu kumi na tano kwa siku,
ana mapacha, anadaiwa unga dukani.
Methali haikumuuliza.

Habari za bomba la Makulu sizisemi.
Nasema hili tu: siku ile tulichimba kwa mikono,
kwa sababu sululu haitofautishi kichwa na jiwe,
na udongo wa toroli chache kifuani
unatosha kumnyima mtu pumzi ya pili.
Ndahani alikuwa ameshuka kuchukua koleo alilosahau.
Koleo moja.
Mpini wake ulikuwa umepasuka.

Jumanne usiku ilinyesha, mvua ya kwanza.
Asubuhi mtaro ulikuwa mzuri, umelowa, unanukia.
Nikazunguka peke yangu kabla ya chai, nikachutama,
nikaona mbao ya tatu imeinama kidogo
kama mtu anayesikiliza kwa sikio bovu.
Tipa lilikuwa linarudi nyuma, linalia,
na Chilongani alishaweka mguu kwenye ngazi.

Nikapuliza.

Hakuna kilichotokea.
Niliandike vizuri kwenye daftari: hakuna kilichotokea.
Tipa lilisimama kule kwenye mawe tuliyoyapaka chokaa.
Chilongani alitukana kwa Kigogo
tusi ambalo mama yake hajui kama analijua.
Tuliongeza mihimili mpaka saa sita,
Malogo akakata nusu siku, akianza na yangu.
Ukuta haukuanguka. Haukuanguka hata jioni,
na wote waliniangalia kama mtabiri
aliyetangaza kiama, watu wakaamka salama.

Wanasema mji huu ulipata jina kwa tembo
aliyekwenda kunywa maji, akadidimia.
Idodomya: amezama.
Huwa najiuliza nani alikuwa amesimama ukingoni,
na kama alikuwa na filimbi.

Sasa tumeshafukia. Bomba limelala,
juu yake zinapita bodaboda, pana banda la chipsi,
na anayekaanga hajui anasimama juu ya nini.
Siku ya mwisho walipanda kwa zamu, nami nikawahesabu kwa kidole,
si kwa macho, macho huhesabu kinachotamaniwa:
mmoja, wawili, watatu, wanne,
wa tano akashuka tena, amesahau kofia,
nikamwambia iache,
akaiacha, akanuna, akapanda.
Watano.
Na Chilongani, wa mwisho, anajikuna shingo.

Sita.